Vidole vya Thobias

Novemba 4

Mvua imenyesha siku mbili mfululizo na Ushirombo yote inanuka udongo. Daftari hili nimelinunua leo dukani kwa Mwahija. Jumamosi nina wageni kutoka Dar, wanatengeneza filamu ya vita vya Kagera, askari wenyewe wakisimulia waliyoyapitia. Nataka niyaandike kwanza nisije nikayachanganya mbele yao.

Jina langu Scolastika Maige. Watu hapa wananijua kama Mama Januari, nesi mstaafu wa zahanati. Kwamba nilikuwa askari wanajua wachache, na hao wachache nao wanadhani nilikuwa napika. Nina miaka sitini na tano. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Novemba 9

Wamekuja, wameondoka, nimechoka kama niliyelima.

Mwongozaji wao ni binti anaitwa Safiya, ana miaka thelathini hivi, ana adabu. "Shikamoo Mama," magoti chini kabisa. Nilikuwa nimevaa koti langu la suti, lile la kustaafia. Akaniomba nilivue nijifunge kitenge, eti nionekane wa hapa. Nikavua. Wakahamisha viti, wakamfukuza jogoo, wakaniwekea taa nyeupe usoni. Nikawaambia jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji mwaka jana, halipendi mwanga. Wakasema haitachukua muda. Ilichukua saa mbili.

Safiya alinieleza kwamba filamu yao imezingatia uwakilishi. Akahesabu: ofisa mmoja, mgambo mmoja, Mwislamu mmoja, Msukuma mmoja, mwanamke mmoja.

"Mimi pia ni Msukuma," nikamwambia.

Akacheka. "Basi Mama wewe ni wawili kwa mmoja."

Niliwasimulia lori. Machi 1979, tumeshavuka mpaka, mimi nina miaka ishirini, mhudumu wa tiba. Jeshi lilikuwa limechukua malori ya chama cha ushirika huku kwetu, na letu lilikuwa bado linanuka mbegu za pamba. Asubuhi ile dereva wetu, Koplo Salmini, alipigwa kipande cha bomu shingoni akafa akiwa ameegemea mlango. Nyuma tulikuwa na majeruhi kumi na mmoja. Mimi ndiye pekee niliyefundishwa kuendesha, JKT, wiki sita. Tukamteremsha Salmini, nikakaa kwenye damu yake, nikaendesha kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mvua inanyesha, barabara imekatika pale kwenye kinamasi. Tisa walifika hai.

Safiya alisikiliza vizuri. Halafu akauliza kama nililia. Nikasema hapana. Akauliza tena kwa namna nyingine. Akauliza kuhusu mavazi, kuhusu kuogopa wanaume, kuhusu kupika. Nikamjibu yote kwa kifupi nikarudi kwenye lori.

Nimefurahi. Niandike tu ukweli, nimefurahi sana.

Novemba 10

Kanisani nimewaambia wamama wa jumuiya. Mmoja akauliza, "Kumbe uliendesha lori?" Nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwaya.

Novemba 23

Tumepanda karanga. Vumilia, mke wa Januari, anapanda na simu mkononi, mistari yake imepinda kama njia ya ng'ombe. Mwanangu alioa sura.

Desemba 2

Mvua. Hakuna jipya.

Desemba 14

Januari kaja kutoka Geita na simu yake. "Mama, filamu yako imetoa tangazo." Tukakaa sebuleni wote watatu.

Alianza kutokea Thobias.

Thobias namjua tangu kambini. Sasa hivi ni mtu mkubwa, ana makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Nyarugusu na nyumba ya ghorofa Kalangalala, Geita mjini, na ndiye mwenyekiti wa askari wa zamani wa kanda hii. Yuko kwenye kiti cha ngozi, kavaa bereti. Ananyanyua mkono wa kushoto, ule usio na vidole viwili, kamera inausogelea. Anasema:

"Dereva alipouawa, usukani nikaushika mimi. Nyuma nina majeruhi kumi na mmoja. Risasi ikapita dirishani ikachukua vidole hivi. Sikuachia usukani."

Januari akaniangalia. Nikamwambia asubiri, wataniweka.

Wakaniweka. Kitenge, ukuta wangu, jicho langu la kushoto linachuruzika maji kwa sababu ya taa yao. Kinanda kinalia. Sisemi neno lolote. Chini wameandika: Scolastika Maige, mjane wa askari.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Bunduki hajawahi kuishika. Akiona panya alikuwa ananiita mimi.

Baada yangu akaja Shaaban mshona nguo, wa hapa hapa sokoni. Shaaban alipiga mizinga miezi mitano mpaka sikio moja likafa. Wamemwonyesha anatawadha, halafu anasali. Basi.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua mpaka Vumilia akaja na mwavuli. Nikamwambia aniache.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Thobias alikuwa kwenye lori lile. Alikuwa nyuma, miongoni mwa wale kumi na mmoja. Vidole vyake alijipiga risasi mwenyewe. Alikwenda nyuma ya kichuguu akaweka mkono mbele ya mtutu, ili arudishwe nyumbani. Mimi ndiye niliyemfunga bandeji. Ngozi ilikuwa imeungua kwa baruti, kila mhudumu anajua maana yake. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alinishika sketi kwa mkono mzima akaniambia, "Scola, wataniua." Ni kweli, wangemfikisha mahakama ya kijeshi. Nikachukua rejesta nikaandika: jeraha la mkono, risasi ya adui. Nikatia sahihi.

Jeraha nililomwandikia mimi ndilo analolionyesha leo kama ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeendesha gari langu.

Desemba 15

Sikwenda kanisani. Ningesali nini.

Desemba 17

Nimempigia Safiya. Alipokea mara ya tatu.

"Mama, shikamoo, umeona tangazo?"

"Nimeona. Mimi si mjane wa askari. Mimi ni askari."

Akasema hilo ni kosa la mhariri, watalirekebisha. Nikamuuliza kuhusu lori.

"Mama, nilikuwa na watu wawili wanadai lori moja. Siwezi kuweka wote. Na mwenyekiti alikuwa na ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Vidole, Mama."

Nikakata simu. Ningemwambia ukweli wa vidole papo hapo, ingekuwa imekwisha. Lakini nilipofungua mdomo niliona ni kidogo mno. Thobias aambiwe kwenye simu, na mtoto wa Dar, halafu wakate kipande kimya kimya, na yeye abaki na bereti yake? Hapana. Asikie mbele za watu. Asikie akiwa amevaa bereti.

Desemba 25

Krismasi. Wali, kuku. Nilimla kuku yule nikiwaza mengine.

Januari 4

Nimekwenda kwa Shaaban sokoni. Alikuwa anapinda suruali, nikakaa kwenye benchi la wateja. Naye alikuwa kwenye lori siku ile, kajeruhiwa mguu na tumbo. Nikamuuliza kama anakumbuka nani aliendesha.

Hakuinua macho. "Nilikuwa nimelala chali, Mama Januari. Nilikuwa naona mawingu tu."

"Na hii filamu umeiona? Umepiga mizinga miezi mitano, wamekuweka unanawa miguu."

"Wajukuu zangu wameniona," akasema. "Wamefurahi. Wamesema babu yuko kwenye simu. Niachie hapo hapo."

Nikamwambia ni mwoga. Akaendelea kushona. Nilipofika barabarani nikaona aibu kidogo, lakini sikurudi.

Januari 12

Karanga zimeota vizuri. Nimepalilia mistari minne, kila jembe likishuka nalitaja jina la Thobias. Vumilia akauliza naimba nini. Nikamwambia zaburi.

Januari 18

Nimekwenda Nyarugusu. Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani nilitaka kumpa nafasi ili nikishamaliza kazi yangu mtu asiseme sikumpa.

Makarasha yake yanapiga kelele mpaka meno yanauma, vumbi jeupe juu ya kila kitu hata kwenye nyusi za vijana wake. Alinikaribisha chini ya turubai. Binti mmoja aliyevaa sare ya jeshi akaleta soda, akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mjukuu wangu, Loveness," akasema Thobias. "Yuko likizo."

"Babu ndiye aliyenifanya niingie jeshini," akasema yule binti, na akamwangalia babu yake kama mtu anavyoangalia mlima. Halafu akatuacha.

Nikamwambia, "Thobias, waambie hao watu wa filamu nani aliendesha."

Alizungusha chupa muda mrefu. "Scola, miaka arobaini na sita. Nyumbani nilipofika waliniuliza vidole vimekwenda wapi. Ningesema nini? Nikasema kitu kimoja, mwaka uliofuata nikaongeza kingine. Sasa hata mimi nikifumba macho nauona usukani. Naona mvua kwenye kioo. Wallahi naiona."

"Umeiona kwa macho yangu."

"Utapungukiwa nini? Wewe una pensheni ya serikali, una heshima yako, umezalisha nusu ya wanawake wa Bukombe. Mimi nina hii tu."

"Nakupa mpaka siku ya maonyesho."

Hapo sura ikabadilika. "Ukisema mambo ya vidole, nami nitasema nani aliandika rejesta."

"Sema," nikamwambia. "Sahihi yangu unaijua."

Soda sikuigusa.

Januari 27

Mvua kubwa, mto umekata njia ya shamba. Nimeyapanga maneno yangu. Nimeyasema peke yangu jikoni mara tatu. Mara ya tatu nilicheka.

Februari 8

Kadi ya mwaliko imefika. Jumamosi tarehe 22, saa nane mchana, ukumbi wa Kalangalala. "Mgeni mwalikwa: Mjane S. Maige." Hawakurekebisha. Ahsanteni sana. Hamjui mlivyonisaidia.

Februari 15

Nimetoa koti la suti juani.

Februari 23

Niandike kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wakubwa, Thobias katikati na medali zake, Loveness kando yake, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Nyuma kabisa walikuwa wachimbaji wa Nyarugusu, amewaleta yeye mwenyewe kwa fuso mbili wampigie makofi. Shaaban alikuwepo na wajukuu. Mimi nilikaa na Januari na Vumilia, mstari wa tatu. Nilikuwa nimevaa koti.

Filamu ni saa moja na dakika ishirini. Wanaume wanaeleza ramani, wanaeleza mizinga, wanaeleza njaa. Thobias anaendesha lori langu dakika kumi na moja, nilizihesabu. Mimi nalia sekunde hamsini. Watu walishangilia. Mama mmoja nyuma yangu alinigusa bega, akasema pole kwa kumpoteza mzee wako vitani.

Kisha Safiya akasimama na kipaza sauti akauliza nani ana maoni. Nikanyoosha mkono. Alifurahi kuniona. "Tumsikilize Mama yetu."

Nikasema jina langu na namba yangu ya jeshi. Nikasema mume wangu alikuwa karani wa pamba. Watu wakacheka kidogo. Nikasema lori lile niliendesha mimi. Ukumbi ukaanza kunong'ona, na Thobias akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma. Hakika asingetikisa kichwa sijui ningefanyaje. Labda ningeishia hapo.

Nikasema, "Na mwenyekiti wetu alikuwepo. Alikuwa nyuma na majeruhi. Vidole vile alijipiga mwenyewe nyuma ya kichuguu ili arudishwe nyumbani. Mimi ndiye niliyemfunga bandeji, na mimi ndiye niliyedanganya kwenye rejesta nikaandika risasi ya adui. Kama kuna wa kunishtaki kwa hilo, ninakaa Ushirombo nyuma ya zahanati."

Halafu nikarudia yote kwa Kisukuma, polepole, ili wa nyuma wasikose hata neno.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilijiandaa anitukane. Sikujiandaa kwa kicheko. Kilianzia kwa wachimbaji wake, mmoja, halafu wawili, halafu mstari mzima. Mmoja akainua mkono amekunja vidole viwili. Thobias aliingiza mkono wake wa kushoto mfukoni. Mfuko ulikuwa mdogo, ukakataa, akausukuma tena.

Loveness alisimama. Nilidhani atanijia mimi. Alimshika babu yake kiwiko akamwinua, wakapita katikati ya vile vicheko mpaka mlangoni. Alipofika usawa wangu hakuniamkia. Aliangalia mbele, kama kwenye gwaride.

Safiya alikuwa ameshamfanyia ishara mpiga picha. Taa nyeupe ilikuwa inamfuata Thobias mgongoni.

Nisidanganye kwenye daftari langu. Ilikuwa tamu. Nilisimama pale nikaila yote.

Nje nilimkuta Shaaban anatafuta ndara za mjukuu. Nikamuuliza kwa nini hakusimama kunishuhudia.

"Nilijua siku zote ni wewe," akasema. "Mgongoni nilikuwa nasikia gari, na mbele nasikia mwanamke anatukana gia. Leo nilikuja nimeamua kusimama. Ulipofika kwenye vidole miguu ikagoma." Akampa mjukuu ndara. "Ungeishia kwenye lori ningesimama, Mama Januari."

Hatukuagana vizuri.

Februari 24

Mvua. Simu imelia siku nzima. Sikupokea.

Februari 27

Safiya kaja mwenyewe mpaka hapa, gari limekwama matope mara mbili. Safari hii hakuniambia nivue kitu. Kaleta karatasi.

"Mama, tunaifungua filamu upya. Itaanza na wewe ukumbini. Wafadhili wameona kile kipande, wamesema hawajawahi kuona mwanamke wa namna hii. Utakuwa na dakika kumi na mbili nzima. Nahitaji sahihi yako, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya mahojiano tu."

"Dakika kumi na mbili za nini?"

"Za pale unapomvua nguo mwenyekiti. Na anavyotoka na mjukuu. Mama, watu watalia."

"Na lori?"

"Lori tutaligusa. Tatizo lori halina picha. Hili lina picha."

Nilichukua karatasi nikaisoma yote, mbele na nyuma, yeye akisubiri na kalamu. Niliona jinsi itakavyokuwa. Nchi nzima itamcheka Thobias, na hilo nilikuwa nalitaka, mpaka mate yalinijaa mdomoni. Na nchi nzima itaniona mimi nimenyoosha kidole. Kabla ya hapo nilikuwa mwanamke anayelia. Sasa nitakuwa mwanamke anayesuta. Na lile lori litaendelea kutoendeshwa na mtu.

"Thobias ametia sahihi?"

"Amekataa. Lakini ukitia wewe, mwanasheria wetu anasema tunaweza kumfunika sura."

Nikamrudishia karatasi yake. Akadhani sina kalamu, akanipa nyingine.

"Sitii," nikamwambia. "Wala mahojiano yangu sitaki uyatumie. Ile sahihi ya kwanza ilitolewa na askari. Wewe umemwonyesha mjane. Mwambie mwanasheria wako anitafutie huyo mjane aje atie sahihi."

Alibembeleza mpaka chai ikapoa. Alisema amehangaika miaka miwili, kwamba alipigana na wakubwa wake ili mwanamke awepo hata huyo mmoja. Nadhani hilo ni kweli. Nilimwona ghafla jinsi alivyo mdogo, na jinsi anavyoogopa watu nisiowajua. Lakini sikutia sahihi. Tarehe ya kuionyesha Dar imeshatangazwa, na sasa hana mwanamke na hana mwenyekiti. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nikamwambia apite njia ya juu, ya chini ina matope.

Na hilo nalo lilikuwa tamu. Zaidi kidogo.

Machi 6

Thobias amepiga. Hakunisalimu.

"Umeridhika?"

"Bado," nikamwambia.

Nikasikia karasha linasaga nyuma yake. "Loveness karudi kambini bila kuniaga," akasema, akakata.

Nimekaa na simu mkononi muda. Yaliyompata yule binti siyafurahii. Mengine yote ningeyarudia, hata leo.

Machi 16

Tumeanza kung'oa karanga. Zimebeba vizuri mwaka huu. Jua limetoka kati ya mvua na mvua, tukakaa mimi na Vumilia uani tukizichambua kwenye kapu. Simu yake aliiacha ndani. Tumefanya kazi saa nzima bila neno, halafu akauliza, macho kwenye kapu:

"Mama, lile lori lilikuwa na gia ngapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia.

"Nne," nikamwambia. "Na ya nyuma. Ya pili ilikuwa inaruka, ilibidi uizuie kwa goti."

"Kwa goti? Na klachi unakanyagaje?"

Nikaweka kapu chini nikamwonyesha. Nikamweleza jinsi miguu yangu ilivyokuwa haifiki, nikajiwekea begi la dawa mgongoni. Jinsi waipa ilivyokatika nikawa natoa kichwa nje. Jinsi kwenye kinamasi niliweka ya kwanza nikaikanyaga moja kwa moja, kwa sababu ukipunguza pale umezama. Aliuliza lilikuwa linakula mafuta kiasi gani. Aliuliza nani waliokufa, na majina yao, nikamtajia wote wawili. Hakuuliza kama nililia.

Kisha akauliza, "Na Mzee Thobias alilala upande gani?"

"Nyuma ya kiti changu. Kulikuwa na ubao tu katikati. Nilimsikia njia nzima."

"Alikuwa analia?"

"Alikuwa anaita."

"Anamwita nani? Mama yake?"

Nikachukua karanga nyingine nikaipasua. Sikuwa nimelifikiria jambo hili tangu siku ile.

"Ananiita mimi," nikamwambia. "Saa tano nzima. Scola, usisimamishe gari. Scola, usisimamishe gari."